Je! Ajali Haina Kinga?

Liko neno moja lisemwalo upesi sana katika vitongoji vya Dar es Salaam kila mtu aumiapo au afapo katika kazi ya kujenga. Fundi ameanguka kutoka juu ya ukuta huko Mbagala; shimo la choo limemfukia mchimbaji huko Bunju; kijana wa kubeba zege ameinua nondo ikagusa waya wa umeme huko Tandika. Majirani hukusanyika, hutikisa vichwa, na mmoja wao husema, "Ajali haina kinga." Wengine huitikia, "Kweli," na hapo shauri limekwisha. Aliyekufa huzikwa, aliyeumia hupelekwa hospitali, na kesho yake kazi huendelea kwa ngazi ile ile.

Mwezi huu twapenda kulipima neno hilo, maana twaona ya kuwa limebebeshwa mzigo usio wake. Hatuidharau methali. Waliofiwa huihitaji, na mama aliyempoteza mwanawe hapati faida yo yote kuambiwa usiku wa matanga kwamba kamba ilikuwa imeoza. Lakini methali hiyo hiyo ikitamkwa na mwenye nyumba, au na fundi mkuu aliyeifunga kamba ile, imekuwa kitu kingine. Hapo haimfariji mtu. Yamfungulia msemaji mlango apate kutoka bila kuulizwa.

Basi, ajali ni nini? Radi ikimpiga mtu njiani twaweza kuiita ajali, ijapokuwa hata radi siku hizi ina vyuma vyake vya kuikinga. Lakini mwendee fundi mwashi ye yote mwenye miaka kumi katika kazi, umwulize ni vitu gani viuavyo watu katika ujenzi. Hatafikiri sana. Atakuambia habari za jukwaa la mirunda lililofungwa kwa kamba chakavu. Na ubao mmoja uliolazwa mahali palipotakiwa mitatu. Na shimo refu lililochimbwa katika mchanga bila kuzuiwa kando zake. Na mbao za zege zilizong'olewa mapema kwa kuwa zahitajika kwingine. Na misumari iliyoachwa imesimama katika vipande vya mbao. Na nyaya za umeme zipitazo karibu na ghorofa ya kwanza. Atakutajia na siku yenyewe alipomwona mtu akianguka. Hayo yote ayajua. Wasaidizi wake wayajua. Mwenye nyumba naye, akija jioni kutazama kazi, huwaambia watoto wake wasikaribie. Basi jambo lililojulikana na watu wote kabla halijatokea, kwa nini likiisha kutokea twasema halikuwa na kinga?

Wengi hudhani hatari iko katika maghorofa tu, nayo nyumba ya kawaida haiwezi kumdhuru mtu. Sivyo. Mtu akianguka kutoka urefu wa mita 3, yaani juu ya ukuta wa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, hufika ardhini kabla sekunde moja haijatimia. Hana nafasi ya kushika kitu wala kujigeuza. Akiangukia kichwa au mgongo juu ya kokoto, maisha yake yamebadilika. Na mashimo je? Sehemu kubwa ya Temeke na ya pwani ya Kinondoni ni mchanga, na mchanga huchimbika kwa urahisi, ndiyo maana watu huuamini. Walakini mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito upatao kilo 1,500 au zaidi. Mtu aliyefukiwa hata kifuani, kichwa chake ki nje na wenzake wasema naye, aweza kufa machoni pao, kwa kuwa kifua hakiwezi tena kupanuka apate pumzi. Na wenzake wakirukia shimoni kumwokoa kabla ya kuzizuia kando, mara nyingi huwa wawili au watatu.

Tena yako madhara yasiyopiga kelele. Saruji mbichi huchoma ngozi, nayo miguu ya vijana wakanyagao zege bila gambuti hutoka vidonda. Vumbi la mawe, kama lile la wapasuao kokoto kwa nyundo kule Kunduchi, huingia mapafuni, na baada ya miaka mtu hukohoa wala hajui alikotoa kikohozi chake. Hayo hayaitwi ajali hata kidogo, maana hayana siku.

Misiba mikubwa twaikumbuka. Tarehe 29 Machi 2013, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka asubuhi, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, siku ya Jumamosi, wakati wa biashara, wakafa zaidi ya watu 20, na waokoaji walisikia sauti za watu chini ya kifusi kwa muda mrefu. Kabla ya hayo, mwaka 2006, hoteli ilianguka huko Keko katika Temeke. Kila mara serikali iliamuru majengo yakaguliwe, magazeti yakaandika, na watu mjini wakaulizana juu ya vibali na nondo. Ni vema. Lakini vifo vya mmoja mmoja, vya Chamazi na Yombo, vya Boko na Goba, havina tume. Haviandikwi. Na mji huu haujengwi kwa maghorofa tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam; vitongoji vimepanuka hata mwaka 2016 Kinondoni na Temeke zikamegwa, zikatoka wilaya mpya za Ubungo na Kigamboni. Watu hao hulala katika nyumba zilizojengwa chumba baada ya chumba, kwa fedha ya mshahara na ya mkopo wa chama, na fundi aliyepatikana kwa kuulizia jirani. Hapo ndipo watu wengi huajiri watu kwa mara ya kwanza, wala hawajioni kuwa waajiri.

Sheria haikunyamaza. Iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, iliyoichukua nafasi ya ile sheria ya viwanda ya mwaka 1950. Na uko Wakala wa serikali, uitwao kwa kifupi OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001, wenye wakaguzi. Iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na bodi ya wahandisi, zote za sheria za mwaka 1997. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila kiwanja cha Mbagala palipo na rundo la mchanga na mafundi wawili. Kwa hiyo shauri hili, kabla halijawa la polisi na la mahakama, ni shauri la dhamiri, nasi twataka kulifuata mpaka mahali pake penye maumivu, yaani mahali pa bei.

Tuseme mwenye nyumba na fundi wanapatana. Mwenye nyumba ni mama mcha Mungu, mwalimu wa shule, naye ameweka akiba miaka minne. Fundi ametaja bei. "Fundi wangu, nisaidie," asema mama, "wewe si mgeni kwangu, punguza hapo." Fundi ajibu, "Mama, kwa bei hiyo sitapata kitu." Wanavutana kwa heshima, na mwisho fundi anapunguza. Hakuna mtu aliyetenda vibaya. Hivi ndivyo tupatanavyo sote. Sasa tuangalie fundi amepunguza wapi. Hakupunguza matofali, kwa maana mama huyanunua mwenyewe na kuyahesabu. Hakupunguza urefu wa ukuta, kwa maana utaonekana. Saruji aweza kuipunguza, nayo ni dhambi nyingine, lakini tuseme ni mtu mwaminifu. Basi kilichobaki ni vile vitu visivyoonekana nyumba ikiisha: mbao za jukwaa, ngazi imara, msaidizi wa pili, siku za kungoja zege likomae. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28. Nani atalipa fundi angoje? Nyumba ikiisha kupigwa lipu na rangi, hakuna awezaye kusema kama ilijengwa juu ya jukwaa zima au juu ya mapipa mawili na ubao. Fedha iliyopunguzwa pale kwenye mapatano ilitolewa katika mwili wa saidia fundi, kijana aliyetoka Lindi au Dodoma, ambaye wakati wa mapatano hakuwapo.

Hili ndilo tupendalo wasomaji walifikiri sana. Watu wawili walipatana juu ya hatari ya mtu wa tatu, wala hawakulitaja neno la hatari hata mara moja.

Husemwa, "Yeye mwenyewe alikubali. Hakulazimishwa kupanda." Neno hili lina nguvu, nalo halijibiwi kwa hasira. Ni kweli kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari yake. Mvuvi wa Kunduchi aingia baharini usiku naye ajua bahari. Lakini kukubali kuna sharti zake. Sharti mtu awe amejua, na sharti awe angeweza kukataa. Kijana aliyesimama asubuhi kando ya barabara akingoja kuitwa, asiyekula tangu jana, akioneshwa jukwaa bovu, angesema nini? Akikataa, nyuma yake wako watano. Tena yuko kati ya wenziwe, nao watamcheka, kwa kuwa katika kazi hii kuogopa huhesabiwa kuwa ni uke na uvivu. Fundi mkuu mwenyewe hupita juu ya linta bila kushika kitu, ili aonekane. Hivyo kijana hupanda. Twasema ni kukubali, lakini huko si kukubali kwa mvuvi mwenye mashua yake. Hatari haikuwa katika kazi yenyewe. Ilitiwa humo na mtu aliyeweza kuitoa, akaipa bei, kisha akaiuza kwa mwenye njaa. Aweza kweli huyo wa kwanza kunawa mikono kwa kuwa huyu wa pili aliinunua?

Wengine huongeza ya kwamba marehemu alikuwa mzembe, au alikuwa amekunywa. Labda. Walakini twajua katika Injili ya Luka habari za mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18, na jinsi Bwana alivyokataa watu wasiwahesabu wale waliokufa kuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu. Imekuwa desturi ya watu tangu zamani kwamba jengo likianguka, huanza kuwachunguza waliokuwa chini yake.

Watu wa kale walilifikiri neno hili la majengo kabla yetu. Mfalme Hammurabi wa Babeli, yapata miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa Kristo, aliweka sheria kwamba mjenzi akijenga nyumba isiyo imara, ikaanguka ikamwua mwenyewe, mjenzi auawe. Na ikimwua mwana wa mwenye nyumba, mwana wa mjenzi auawe. Sheria hiyo ni kali mno, na mtoto wa mjenzi ana kosa gani? Tena yangoja mpaka nyumba imekwisha kuanguka. Sasa tazameni ile iliyo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Huko mtu ajengaye nyumba mpya ameamriwa aweke ukingo kuzunguka dari yake, maana katika nchi ile watu hukaa juu ya dari, asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake kwa kuanguka mtu. Ni aya moja, nayo katika mafundisho mara nyingi huipita mtu kama ni habari ya desturi za ugenini. Lakini imetangulia sana. Kwanza, yaamuru ukingo ujengwe kabla hajaanguka mtu ye yote. Pili, haimwambii mgeni ajihadhari, wala haimwambii fundi. Humwambia mwenye nyumba. Tatu, haiulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe, wala kama alikubali kupanda. Ukingo ukikosekana, hatia ipo. Yatosha kuuliza kama aliyekuwa na uwezo wa kuiondoa hatari aliiondoa.

Na kwamba kinga ipo, watu wamekwisha kuionesha. Ilipojengwa daraja la Golden Gate huko San Francisco, Marekani, kati ya miaka 1933 na 1937, wakuu wa kazi kama hizo walikuwa wamezoea kukadiria vifo kama wakadiriavyo misumari: mtu mmoja kwa kila dola milioni moja zitumiwazo. Daraja lile lilikuwa la dola milioni 35. Mhandisi mkuu wake, Joseph Strauss, aliagiza watu wavae kofia ngumu, tena akatandika wavu mkubwa chini ya kazi, juu ya maji. Wavu ule uliwadaka watu 19 walioanguka, wakaishi. Kama mtu angewaambia hao 19 kwamba ajali haina kinga, wangemcheka. Lakini tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita kweli yake. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito liling'oka, likaupasua wavu, watu 10 wakafa siku ile moja. Na pamoja na mmoja aliyetangulia wakawa 11. Wavu ulifanywa kumdaka mtu, haukufanywa kudaka jukwaa. Kinga nayo yataka akili na kutazamwa kila siku.

Hapo pana jambo ambalo mafundi wetu na wenye nyumba hulikosea mara nyingi, nalo ni kuanzia mwisho. Wakisikia usalama hufikiri kofia. Kofia ni njema, tofali likidondoka itakuokoa. Lakini haimzuii mtu asianguke. Wajuao kazi hii huanza kwa kuuliza kama hatari yaweza kuondolewa kabisa. Kenchi za paa zikifungwa chini, kisha zikapandishwa, watu hawana haja ya kukaa nusu siku juu ya ukuta na nyundo mkononi. Nondo zikikatwa upande wa kiwanja ulio mbali na nyaya, hazitagusa nyaya. Udongo uliotolewa shimoni ukimwagwa mbali na ukingo, ukingo hautalemewa. Hayo hayana gharama ila kufikiri. Lisiloweza kuondolewa huzungushiwa kizuizi: mbao za jukwaa zitoshe kutembea, na ubao mwingine kiunoni wa kumzuia mtu, kando za shimo zishikwe kwa mbao au zilazwe mteremko. Kisha, mwisho kabisa, ndipo kofia na mkanda na gambuti. Mafundi husema mkanda wabana, na kofia katika joto la Dar es Salaam ni jiko juu ya kichwa. Si uongo. Ndiyo sababu haifai kuitegemea kofia ibebe kazi ambayo mbao tatu zingeibeba.

(Tumeona mara nyingi siku ya kuweka jiwe la msingi jinsi wageni wa heshima wavikwavyo kofia ngumu mpya, nao wamesimama chini ya turubai pasipo kitu cha kuwaangukia, na juu ya ukuta nyuma yao vijana watazama wakiwa na kofia za kitambaa.)

Sasa twafikia jibu la maskini, nalo ndilo gumu. Yule mama mwalimu atatuambia, "Mwanitaka nilipe mbao, ningoje siku 28, niongeze msaidizi. Sina fedha hiyo. Ninyi mwasema hivi, lakini mimi na watoto wangu twalipa kodi ya chumba kila mwezi. Je! maskini asijenge?" Hatuna haki ya kumjibu kwa wepesi. Lakini twamwuliza: kama fedha yake haitoshi vyumba vitatu na jukwaa, je! yatosha vyumba viwili na jukwaa? Maana watu wa kwetu hujenga kidogo kidogo, nao hawaoni haya kungoja mwaka mzima mabati yapatikane. Nyumba nyingi za Mbagala zimesimama bila paa mvua mbili tatu, wala hakuna aliyesema mwenyewe ameshindwa. Tukiweza kuyangojea mabati, twaweza kuzingojea mbao. Mabati yakikosekana hatupandi mtu akalalie mahali pa bati. Lakini jukwaa likikosekana twapanda mtu asimame mahali pa jukwaa. Umaskini wa mwenye nyumba ni wa kweli, lakini umaskini wa kibarua ni mkubwa kuupita, na haipasi mmoja aondolewe wake kwa kutwishwa mwenziwe.

Na mtu akiisha kuumia? Hapa desturi yetu ni nzuri kwa sura. Mwenye nyumba huenda hospitalini na machungwa na bahasha, hutoa pole, watu husema ni mtu wa huruma. Lakini pole ni sadaka. Mtu hutoa apendavyo, na akisha kutoa hushukuriwa. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika kazi yako hakuomba sadaka. Yeye adai. Tofauti hii si ya maneno. Sadaka hukoma roho ya mtoaji ikiridhika. Deni hukoma likiisha kulipwa. Sheria yenyewe imelitambua hilo: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka Mfuko, ulioanza kazi mwaka 2015, nao huchangiwa na mwajiri wala si mfanyakazi, ili aumiaye kazini alipwe kwa haki. Lakini kibarua aliyechukuliwa asubuhi barabarani hakuandikwa mahali po pote, na mara nyingi jina lake kamili halijulikani hata kwa fundi. Huitwa kwa jina la kabila lake au la mji wake. Siku ya msiba hutafutwa simu yake, wapigiwe jamaa. Twaona ya kuwa daftari la senti chache, lenye jina la kila mtu aingiaye kiwanjani asubuhi, na namba ya ndugu yake, ni mwanzo wa kumhesabu kuwa mtu.

Liko jambo la karibu zaidi, nalo latuhusu sisi wasomaji wa gazeti hili. Sharika zetu za vitongojini hujenga. Hujenga kanisa, nyumba ya mchungaji, darasa la watoto; na mara nyingi hujenga kwa msaragambo, kila mtaa na zamu yake, wanawake wakipokezana ndoo za zege, vijana wa kwaya wakipanda juu kwa kuwa wao ni wepesi. Kazi hiyo ni ya furaha, na hatusemi iachwe. Lakini ina hatari kuliko ya mafundi, kwa sababu wanaoifanya hawaijui, na kwa sababu hakuna apendaye kumkataza mtu aliyejitolea. Nani atamwambia mzee wa kanisa ashuke katika ngazi? Tena mtu akianguka katika kazi ya Bwana, husemwa amekufa katika utumishi, na hakuna aulizaye habari za kamba. Kamati ya ujenzi ingefaa iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kutazama jukwaa asubuhi, kuzuia watoto, na kuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi hata mbele ya mchungaji. Asiwe mtu mpole sana.

Kuhusu gharama ya mbao, wako wazo tungependa mabaraza ya wazee walizungumze. Sharika nyingi zina viti, turubai na masufuria makubwa, ambayo washarika huazima kwa arusi na kwa misiba; hakuna nyumba moja iwezayo kununua sufuria ya kupikia watu 200, lakini usharika waweza. Kwa nini usharika usiwe na mbao za jukwaa vivyo hivyo? Mbao 20 nene, zisizo na fundo kubwa wala ufa, vyuma vya jukwaa viwili vitatu, ngazi mbili, mikanda minne na kamba yake, kofia kumi, na mbao za kushikia kando za shimo. Yule mama mwalimu angeazima kwa mwezi mmoja kwa ada ndogo ya matengenezo, na fundi asingepata sababu ya kusema hazikuwamo katika bei. Ufunguo ukae kwa mtu mmoja ajuaye ujenzi, aliye tayari kwenda kiwanjani kuona jukwaa limesimamishwaje kabla mtu hajapanda. Mbao zirudi zimeng'olewa misumari, zihesabiwe mbele yake, na ule uliopasuka usirudishwe ghalani. Ukatwe vipande siku hiyo hiyo, upelekwe jikoni.